Kadzama na Shahidi Wake

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua methali ya mgema. Ameikariri tangu shule ya msingi, ametoa maana yake ya juu na ya ndani, na yamkini ametunga kisa cha kuithibitisha: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wachache mno, walakini, ndio waliowahi kusimama chini ya mnazi alfajiri wakamtazama mgema akipanda. Methali imemfanya mtu huyu kuwa mfano wa majivuno, na mfano huo umetosha. Hakuna anayeuliza anaamka saa ngapi, anashika chombo gani, wala tembo lake linakwenda wapi baada ya kuteremshwa. Hata neno kidato, ambalo wasomi hulitamka kila siku wakitaja madarasa ya shule ya upili, ni jina la pengo linalokatwa katika shina la mnazi ili mpandaji apate pa kukanyaga. Msomi amepanda vidato vyote vinne na mnazi hajaupanda.

Mgema anayezungumziwa hapa anaishi Mtwapa, na umri wake unakaribia miaka sabini. Msafiri anayevuka daraja la Mtwapa akitoka Mombasa kuelekea Kilifi na Malindi hulakiwa na mabango, maduka, magari ya abiria na baa zisizojua usiku. Mji umejipatia sifa ya starehe, nayo sifa hiyo imewafunika wenyeji wake wa siku nyingi. Wamtwapa ni miongoni mwa Taifa Tisa za Waswahili wa Mombasa. Magofu ya Jumba la Mtwana, mji uliostawi katika karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 15, yangali kando ya bahari, na msikiti wake unayatazama mawimbi hadi leo. Kuelekea bara ni nchi ya Wamijikenda: Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, pamoja na Wagiriama walioenea kaskazini hadi ng'ambo ya Mto Sabaki. Jina lenyewe, Mijikenda, lilianza kutumika sana katika miaka ya 1940, likachukua nafasi ya jina la Wanyika ambalo wenyewe hawakulipenda. Nalo limehifadhi kenda, neno la kale ambalo Kiswahili cha leo kimelibadili kwa tisa.

Kabla ya jua kuchomoza mgema huyu huwa ameshafika kileleni mwa mnazi wa tatu. Kotama, kisu chake cha kugemea, ameichomeka kiunoni. Chombo cha kukingia zamani kilikuwa kibuyu. Sasa ni dumu dogo la plastiki lililokatwa shingo, ambalo mgema hulidharau kwa maneno ila hulitumia kwa kuwa halivunjiki. Juu huko hana shughuli na nazi. Anachokitafuta ni karara ambalo bado halijapasuka, lile ambalo ndani yake maua yamejikunja yakingoja siku yao. Karara hilo hufungwa kwa kamba na kuinamishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ncha yake ikakatwa, na utomvu ukaanza kudondoka. Kuanzia hapo mgema amekuwa mtumwa wa karara. Asubuhi na jioni lazima apande alichonge upya, kipande chembamba kama ukucha, kwani jeraha likiachwa hukauka na mti hufunga mlango wake. Mnazi wa mgema hauna sikukuu.

Utomvu unaodondoka ni mtamu kama maji ya dafu yaliyotiwa sukari. Haukai hivyo. Kwa muda wa saa chache huanza kutoa povu wenyewe, jioni ni tembo, kesho yake ni tembo kali la kukunja uso, na ukiachwa zaidi ni siki ya kupikia. Aidha, karara lililogemwa halizai. Mwenye mnazi huchagua ama kidaka kikue kiwe kitale, dafu, koroma na mwisho nazi ya kuuza, ama tembo la leo. Mtu asiyelijua hilo hudhani kwamba tembo ni kitu cha bure kinachomiminika kutoka mbinguni.

Wenyeji wa Mtwapa wakizungumza Kiswahili huliita tembo mnazi, kwa jina la mti wake, na mahali pa kulinywea ni mangweni. Wakizungumza lugha zao za Kimijikenda huliita uchi, jambo ambalo limewahi kuwachekesha na kuwafadhaisha wageni wengi waliokaribishwa uchi katika miji ya watu wenye heshima zao. Lakini kuna tembo la mangweni na kuna kadzama. La mangweni hununuliwa, hunywewa kwa mrija, na anayelinywa hana deni na mtu akishalipa. Kadzama ni tembo linalopelekwa kwa wazee kabla ya neno kusemwa. Anayetaka kuposa huja na kadzama. Anayetaka kushtaki, kuomba radhi, kugawa urithi au kuuliza jambo zito la ukoo huja na kadzama. Wazee wakishakunywa, wamesikia. Na mtu aliyesikia hawezi kusema baadaye kwamba hakuwapo.

Desturi ya namna hii haikuzaliwa Pwani ya Kenya peke yake. Katika visiwa vya Fiji, mbali kabisa katika Bahari ya Pasifiki, mgeni anayeingia kijijini hutakiwa kupeleka mizizi ya mmea uitwao yaqona kwa mkuu wa kijiji, na tendo hilo huitwa sevusevu. Mizizi husagwa, hukorogwa kwa maji katika bakuli kubwa la mti, kisha kinywaji hupokezanwa katika kikombe cha kifuu cha nazi, huku mnywaji akipiga makofi. Kabla ya hapo mgeni ni mpita njia tu. Mfiji akiletwa Mtwapa pengine asingeelewa neno hata moja la mazungumzo ya posa, lakini angejua mara moja ni kwa nini watu wote wananyamaza pale kibuyu kinapowekwa chini.

Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagiriama, alichapisha mwaka wa 1972 kitabu ambacho anwani yake imebeba vitu vitatu: minazi, tembo na mashahidi. Hoja yake haikuwa ya ulevi. Aliona kwamba watu waliokuwa wakijikusanyia minazi kwa kuinunua na kuiweka rehani hawakuwa na ulinzi mwingine ila ushahidi wa wazee walioshiriki tembo siku ya mapatano. Aliona pia jambo la kuchekesha kidogo: baadhi ya matajiri hao wapya walisema wamepagawa na pepo wa Kiislamu wanaowakataza vileo, hivyo wakaepa kunywa na majirani, lakini siku ya kesi waliwarudia wazee wale wale wanywaji. Mtu anaweza kuacha tembo, ila hawezi kuacha mashahidi.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mgema wetu alikuwa na posa nyumbani. Mjukuu wake wa kike, muuzaji katika duka la dawa mjini, alikuwa ameposwa na kijana wa Kichonyi ambaye ukoo wake umekaa mjini vizazi viwili. Ujumbe wa kijana uliongozwa na baba yake mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa mojawapo la pale Mtwapa linalokataza vileo. Walikuja na leso, kreti tatu za soda, na bahasha nyeupe iliyoandikwa neno moja kwa kalamu ya wino: Kadzama.

Mgema aliigeuzageuza bahasha ile. Akauliza kama ni barua.

"Ni pesa za kadzama, Tsawe," akaambiwa na mmoja wa wanawe, kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka jambo lipite.

"Nazo atazinywa nani?"

Kiongozi wa ujumbe aliinuka kidogo kwenye kiti. "Mzee wetu, tuwie radhi. Sisi ni watu wa kanisa. Hatunywi, hatuuzi, wala hatubebi."

"Sikukwambia unywe, mkwe. Nimekwambia ulete."

Ni haki kusema kwamba si wengi waliokuwa upande wa mgema saa ile. Kadzama ya fedha imekuwa jambo la kawaida, hata katika miji ya bara ambako minazi haijapungua, na wapo wazee wanaoipendelea. Wanawe walimwona anawaaibisha. Mjukuu wake, aliyekuwa jikoni na shangazi zake, alikuwa amekwisha kumwomba tangu juzi yake apokee pesa ili yaishe, naye mgema alikuwa amemjibu kwamba pesa atazila kesho na keshokutwa zitakwisha. Siku watakapogombana yeye na mumewe, atamwita nani?

Soda zilifunguliwa na kunywewa kimya. Kisha yule mzee wa kanisa akavua koti lake, akaliweka juu ya kiti, akaomba dumu. Hakumtuma kijana. Alitoka mwenyewe, akafuata njia inayopita mbele ya kanisa lake, ambamo kwaya ilikuwa ikijizoeza kwa ajili ya ibada ya kesho yake, akafika mangweni, akanunua lita tano, akarudi kwa njia ile ile. Dumu halikuwa na kifuniko. Aliporejea, shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni na tembo tumboni.

Mgema alipokea dumu kwa mikono miwili. Alichota kwa kata, akamwaga kidogo kizingitini kwa ajili ya koma, wazee waliotangulia, akiwataja mmoja mmoja kwa sauti isiyokuwa ya kusikizisha watu. Halafu akamwita mjukuu wake.

"Mwanangu, tembo hili limeletwa kwa ajili yako. Ninywe, nisinywe?"

Hapa ndipo penye uzito wa kadzama ambao bahasha haiwezi kuubeba. Swali hili huulizwa mbele ya pande zote mbili, na msichana akisema hapana, tembo hurudi lilikotoka. Wanaosema kwamba mila zetu hazikumpa mwanamke kauli wangefaa kuusikia ukimya uliofuata. Ulikuwa mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Mama mmoja wa upande wa kijana alikohoa.

"Nywa, Tsawe."

Akanywa funda, na funda la pili akampulizia kifuani kwa baraka. Kisha akampa kata yule mzee wa kanisa, naye akaishika kwa mikono yote miwili, akaitazama, na bila ya kuigusa kwa mdomo akampokeza aliyeketi kuliani kwake.

"Amelishika," mgema akasema. "Nyote mmemwona."

Jumatano iliyofuata mzee yule aliitwa na wenzake wa kanisa, akasimamishwa uzee kwa miezi mitatu. Hakujitetea. Inasemekana aliulizwa kama alionja, akajibu kuwa hakuonja. Akaulizwa basi alibeba kwa nini, akajibu kuwa alitumwa na mkwewe.

Yafaa sasa kueleza sababu ya ukaidi wa mgema, maana haikuwa mila tupu. Minazi kumi na mmoja anayoigema haiko katika ardhi yake. Katika desturi za Pwani, mti na udongo vinaweza kuwa na wenyewe wawili: mtu humiliki mnazi alioupanda au kuununua, na mwingine akamiliki ardhi uliposimama. Baba yake aliichukua minazi ile kwa mapatano na mwenye shamba, kadzama ikanywewa, wazee wanne wakashuhudia. Hakuna aliyeandika neno. Kuandika kulikuwa kwa watu wengine. Sheria ya Hatimiliki ya Ardhi ya 1908 ilipoletwa katika ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wenye madai walitakiwa kuyapeleka kwa maofisa yasajiliwe. Wamijikenda wengi hawakusajiliwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Tangu hapo vimekuwapo Pwani vitabu viwili vya kumbukumbu, kimoja cha karatasi na kimoja cha tembo, na vikishindana hujulikana mapema ni kipi kitashinda.

Shamba lile limeuzwa. Mnunuzi ana hati, ana ramani, na ana mpango wa kujenga nyumba za kupangisha. Wapimaji wamefika, wakasimika mawe ya mipaka, na minazi inayostahili kukatwa wakaitia alama ya rangi nyekundu. Mgema alikwenda katika ofisi moja ya serikali kudai fidia ya miti yake. Akaulizwa karatasi. Akasema anao mashahidi. Akaulizwa wako wapi.

"Wamelala," akajibu. Wanne wote wamekufa, wa mwisho akiwa amezikwa miaka sita iliyopita.

Ukweli huu haufai kufichwa na wapenzi wa mila, ambao ni wengi katika vyuo vyetu. Shahidi wa tembo hufa, na akifa huondoka na kitabu chake chote. Karatasi haifi, hata ikiwa ni ya uongo. Kuisifu kadzama bila ya kulikiri hilo ni kuwa kama yule msifu mgema wa methali. Kwa upande mwingine, hakuna karatasi iliyowahi kuvua koti na kupita mbele ya kanisa na dumu mkononi.

Serikali nayo imekuwa na mkono wake katika kulishusha tembo hadhi. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ambayo watu waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, ilipanga saa za kuuza vileo: siku za kazi baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni. Kwa bia iliyo katika chupa hilo ni sawa. Kwa tembo lililoteremshwa alfajiri, saa kumi na moja jioni ni kinywaji kingine kabisa. Watungaji hawakuwa na ubaya na mgema. Hawakumkumbuka tu, au walimkumbuka kama anavyokumbukwa darasani.

Ulimwengu wa nje umekumbuka vingine. Mwaka wa 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka uliofuata mila zinazofungamana na kaya hizo zikatiwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Vigango, nguzo za kuchongwa zinazosimikwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu, viliibwa kwa miaka mingi vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa nchini mwaka wa 2007. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, na jamaa hukijia na tembo wakakimwagia chini yake. Huko vilikokuwa vimehifadhiwa vizuri, katika vyumba visivyo na mchwa wala unyevu, hakuna aliyevimwagia hata tone.

Siku ile ya posa, wageni walipokuwa wakijiandaa kuondoka, mjukuu alitoka ndani na daftari la mistari na kalamu. Aliandika tarehe. Akaandika jina la kila aliyekuwapo, upande wake na upande wa kijana, na mbele ya jina la yule mzee wa kanisa akaongeza: aliyelileta. Akawapitishia watie saini. Wajomba walinung'unika kwamba haya ni mambo ya dukani. Mzee wa kanisa alitia saini yake taratibu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kumbukumbu za mikutano. Daftari lilipomfikia mgema, ambaye hajui kusoma, alilishika mbali na macho, akauliza kama limeandikwa kwamba soda zilikuwa kreti tatu. Akaambiwa halikuandikwa. Akacheka, akachovya kidole gumba katika wino wa kalamu iliyovunjwa kwa ajili hiyo, akagandamiza.

"Na ile yangu kumi na mmoja," akasema, "ungeizaliwa mapema."

Minazi ile bado haijakatwa. Minne imeshatiwa rangi, mmoja wao ukiwa ule wa tatu, wenye tembo bora kuliko yote. Mkandarasi alisema wataanza wiki ijayo, na akaisema tena wiki iliyofuata. Alfajiri mgema hupita kando ya alama nyekundu, hukanyaga kidato cha kwanza, ambacho kilikatwa na baba yake, na kupanda. Mwanawe mkubwa amemuuliza anachongea nini karara la mti ambao hautafika mwisho wa mwezi. Mgema humjibu akiwa ameshafika katikati ya shina, na jibu lenyewe husikika nusu tu kule chini, kwamba lisipochongwa leo litakauka.